Chai ya asubuhi ndani ya "behewa": jibu kwa msomaji anayempeleka mama yake Denver

Msomaji ameuliza hivi: "Shikamoo. Mama yangu mzazi amekuja kunitembelea hapa Omaha kutoka Tabora, na mwezi ujao nitampeleka kwa gari hadi Denver kwa mdogo wangu. Marehemu baba alikuwa fundi wa mabehewa, kwa hiyo mama hupenda kitu chochote chenye sura ya treni. Nimesikia kwamba katika miji midogo ya Nebraska iko migahawa iliyojengwa au kupambwa kama treni, nami ningependa tusimame kwenye mmojawapo tupate chai ya asubuhi. Je, hayo ni mabehewa ya kweli? Mama hali nguruwe na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Tukae wapi, tuagize nini, tulipe vipi? Au ni kiini macho cha kuwanasa wasafiri, tupite tu?"

Marahaba, mdogo wangu, na mama umfikishie shikamoo yangu. Naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalobeba mengine yote: msipite, simameni. Mgahawa wa aina hii, ambao Wamarekani huuita "diner" na ambao hapa nitauita daina, kwa kawaida si behewa na wala haujapata kuwa behewa. Hata hivyo wembamba wake, mahali anaposimama mpishi, ufupi wa menyu yake, haraka ya mhudumu wake, na hata ile desturi ya bakshishi inayotusumbua sisi wageni, vina undugu wa kweli na treni, na mtu akiushika undugu huo hapati tabu ya kukaa, kuagiza wala kulipa. Nimepika katika daina mbili kwa jumla ya miaka tisa, nyingi kati yake zikiwa za zamu ya alfajiri, kwa hiyo ninayokueleza hapa mengi nimeyaona nikiwa upande wa pili wa kaunta.

Asili yake ni gari la farasi. Mwaka 1872, katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island, mtu aitwaye Walter Scott aliegesha gari la kukokotwa na farasi nje ya ofisi za gazeti la Providence Journal, akawa anawauzia chakula wafanyakazi wa usiku kupitia dirishani, wakati hoteli zote za mji zimekwisha kufunga. Wateja walikula wamesimama barabarani, mvua ikinyesha juu yao. Mwaka 1887, Samuel Jones wa Worcester, Massachusetts, akatengeneza gari ambalo mteja aliweza kuingia ndani yake, na kutoka hapo viwanda vikazaliwa. Worcester Lunch Car Company, kilichofanya kazi tangu 1906 hadi 1957, kilitoa magari 651 na kuyapa yote namba. Kabla ya hapo, kuelekea mwisho wa karne ya 19, miji ilikuwa inaweka tramu za umeme, na yale mabehewa ya tramu za farasi yaliyobaki bila kazi yakauzwa kwa bei ya kutupa, mengine yakageuzwa vibanda vya chakula. Vibanda hivyo vilikuwa vichafu, na sifa ya biashara nzima ikaharibika. Ndipo watengenezaji walipofanya jambo la busara ya kibiashara: katika miaka ya 1920 walilichukua jina la behewa la chakula la treni, lile lenye vitambaa vyeupe na vijiko vya fedha, wakalifupisha, wakalibandika juu ya magari yao mapya ili heshima ya reli iwasitiri.

Kuanzia miaka ya 1930 walichukua na umbo. Mama atapenda kisa hiki kwa sababu kinahusu huko huko mnakokwenda: tarehe 26 Mei 1934 treni ya chuma cha pua iitwayo Zephyr, ya kampuni ya reli ya Burlington, iliondoka Denver alfajiri na kufika Chicago jioni ya siku hiyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,600, kwa saa 13 na dakika 5 bila kusimama. Nchi nzima iliingiwa na wazimu wa vitu vinavyong'aa na vyenye pembe za mviringo. Kampuni ya Judkins ya Merrimac, Massachusetts, ikaanza kutengeneza daina zenye pua iliyochongoka kama kichwa cha treni hiyo, na mojawapo, Modern Diner ya Pawtucket, Rhode Island, mwaka 1978 ikawa daina ya kwanza kuingizwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Haijawahi kutembea juu ya reli hata hatua moja.

Daina hizo za kiwandani zimejaa zaidi majimbo ya kaskazini-mashariki, kuanzia New Jersey hadi New England. Huko Nebraska mtakakopita, mtakazozikuta kwa wingi ni nyumba za kawaida za matofali au mbao zilizopambwa kwa vitu vya reli, na hapa na pale daina za chuma za miaka ya karibuni zilizojengwa kuiga zile za zamani. Mara chache sana mtakuta behewa la kweli lililoegeshwa kando ya jengo na kuwekewa meza. Kulitambua si kazi kwa mtu aliyeishi na fundi wa mabehewa. Mwambie mama asiangalie rangi wala kengele ya shaba mlangoni, bali ainame atazame chini: behewa halisi lina fremu nzito ya chuma, mara nyingi na magurudumu yake bado, lina viungio vya kuunganishia mabehewa kwenye ncha zote mbili, na ubavuni lina mistari ya ribiti. Ndani halizidi upana wa mita tatu. Kama sakafu imekaa juu ya zege na upana unatosha safu tatu za meza, basi ni jengo. Yeye atashangazwa zaidi na reli zenyewe, maana amezoea njia yenye upana wa mita moja ya Reli ya Kati, ilhali ya Marekani ina milimita 1,435, kipimo kile kile cha SGR yetu iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024.

Kuhusu mahali pa kusimama, nina ushauri mmoja ambao nausisitiza. Msikae kwenye barabara kuu ya I-80 safari nzima. Kati ya Grand Island na North Platte barabara hiyo hupita mbali kidogo na miji, na kwenye njia zake za kutokea mtakuta vituo vya mafuta na migahawa ya makampuni makubwa ambayo ni ile ile ya Omaha. Barabara ya zamani, namba 30, ndiyo inayoandamana na reli ya Union Pacific na kupenya katikati ya miji: Wood River, Shelton, Gibbon, Kearney, Lexington, Cozad, Gothenburg. Miji mingi kati ya hiyo ilizaliwa na reli hiyo, iliyojengwa miaka ya 1860 kuelekea magharibi, ndiyo maana mtaa wake wa maduka unatazamana na reli kama mitaa ya stesheni zetu. Kuanzia Gibbon hadi North Platte kuna njia tatu sambamba, na treni za mizigo hupita mara kwa mara kiasi kwamba vikombe kwenye rafu hutetemeka mkiwa mnakula. Mkiondoka Omaha saa kumi na moja alfajiri mtakuwa Kearney mnamo saa mbili asubuhi, baada ya mwendo wa kilomita 300 hivi. Jumapili jitahidini kufika kabla ya saa tano, maana hapo waumini hutoka makanisani na foleni hufika nje. Tena pigeni simu siku moja kabla, kwani migahawa mingi ya namna hii hupika asubuhi tu na kufunga saa nane mchana, na mingine haifunguliwi Jumatatu.

Mkiingia, tazameni kibao karibu na mlango. Kama kinasema msubiri kuketishwa, subirini. Kama kinasema mkae mnapopenda, au kama hakuna kibao, kaeni. Kuna sehemu mbili za kukaa. Ya kwanza ni kaunta, yenye viti vya duara vilivyofungwa sakafuni kwa nguzo moja, vikitazama jiko. Ya pili ni meza za pembeni zenye mabenchi mawili yanayotazamana, dirisha likiwa ubavuni, mpangilio ambao mama ataufahamu mara moja kwa sababu ndio wa behewa la abiria. Kama magoti yake yanaruhusu, kaeni kaunta. Najua watu wengi watakushauri meza ya dirishani kwa ajili ya kuona treni, lakini treni mtaziona siku nzima. Mpishi wa daina akiwa kazini humwoni pengine popote. Anafanya kazi katika njia nyembamba kama ya jiko la treni, hageuki zaidi ya nusu mzunguko, kila kitu kikiwa umbali wa mkono mmoja: mayai kushoto, mkate nyuma, sahani juu ya kichwa. Karatasi za oda zimening'inia mbele ya macho yake. Yai hulivunja kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukigeuza viazi.

Meza moja msiiguse. Karibu kila mji una kundi la wazee wanaokutana daina kila asubuhi, kwa kawaida kwenye meza kubwa ya karibu na mlango au ile ya mwisho kabisa, wakinywa kahawa kuanzia saa kumi na mbili na kuzungumzia bei ya mahindi. Hicho ni kijiwe, na sheria zake ni zile zile za kijiwe cha Tabora. Haikuandikwa popote kwamba ni yao. Mkiwasalimu watafurahi, na katika miji ya reli karibu hakosekani mmoja aliyestaafu kazi ya treni. Ukimwambia kwamba baba yako alikuwa fundi wa mabehewa Tanzania, jiandae kuchelewa.

Sasa mhudumu. Atafika ndani ya dakika moja na birika la kahawa mkononi, atauliza kama mko tayari, atarudi baada ya dakika tatu, na chakula kitakuwa mezani ndani ya robo saa. Mara nyingi bili ataiweka mezani, imepinduliwa uso chini, kabla hata hamjamaliza kula. Kwetu hiyo ingekuwa kufukuzwa. Huko sivyo, na mama inafaa aelezwe mapema asije akaacha chakula chake. Haraka hiyo nayo ina undugu na treni: kabla treni hazijawa na mabehewa ya chakula kila mahali, abiria waliteremka kwenye stesheni kwa muda wa dakika 20 hivi, wakagombania chakula kibovu, wakapanda tena na njaa yao. Mwaka 1876 Mwingereza Fred Harvey alifungua chumba cha kulia katika stesheni ya Topeka, Kansas, kwa makubaliano na kampuni ya reli ya Santa Fe, naye akaligeuza jambo hilo. Idadi ya watakaokula ilitumwa kwa simu ya maandishi, yaani telegrafu, kabla treni haijafika, na chakula kikawa tayari abiria wanapoketi. Kuanzia 1883 aliajiri wasichana waliofunzwa kwa ukali kama askari. Msichana mmoja alipokuuliza unywe nini, alikigeuza kikombe chako kwa namna fulani, akaenda zake. Mwenzake mwenye mabirika aliyemfuata nyuma alisoma kikombe tu na kumimina bila kuuliza: kimesimama, kahawa. Kimefunikwa, chai ya moto. Vikombe vinavyofunikwa mezani katika baadhi ya daina hadi leo vinanikumbusha ustadi huo, ingawa siku hizi kukifunua kikombe chako maana yake ni moja tu, kwamba unataka kahawa.

Kahawa hiyo ni nyepesi, na hujazwa tena na tena bila malipo ya ziada. Mhudumu atamimina kila apitapo. Kumzuia, weka kiganja juu ya kikombe, hahitaji neno. Birika lenye mshikio wa rangi ya chungwa ni la kahawa iliyoondolewa kafeini, rangi iliyoanza na kahawa ya chapa ya Sanka na kubaki kuwa alama ya nchi nzima. Chai ndiyo itakayomsikitisha mama. Ukisema "chai" peke yake unaweza kuletewa glasi ya chai baridi yenye barafu, kwa hiyo taja kwamba unataka ya moto, na hata hapo utaletewa maji ambayo yameshaacha kuchemka pamoja na kifuko cha majani. Omba maziwa ya moto kwenye kikombe cha pili. Vile vikopo vidogo vilivyo mezani vina mchanganyiko wa maziwa na krimu, na ladha yake katika chai ni nzito. Mama akiwa na tangawizi yake ya unga kwenye mkoba, hakuna atakayemkataza.

Nimeliacha suala la nguruwe hadi hapa kwa sababu linahitaji maelezo ya mtu aliyesimama jikoni. Wengi hudhani kwamba kuagiza mayai bila bekoni kunatosha. Nikueleze bamba langu la kukaangia lilivyokuwa asubuhi ya kawaida: ni chuma kimoja bapa cha mita moja na nusu. Kushoto zimelala bekoni, juu yake nimeweka chuma kizito ili zisijikunje, katikati kuna lundo la viazi vilivyokunwa, ambavyo Waamerika huvikaanga hadi vishikane kama chapati na kupata rangi ya kahawia, kulia mayai. Kila baada ya dakika chache nakwangua bamba lote kwa kisu kipana, na mafuta yote yanateremkia mfereji mmoja. Viazi vikichelewa kupata rangi, mpishi mwenye haraka huvisukuma kushoto, palipo na mafuta ya bekoni, kwa kuwa huko ndiko vinakokuwa vitamu. Hafanyi hila, ndivyo alivyofundishwa. Kwa hiyo mayai ya kukaanga, kimanda, viazi na hata zile chapati za maji nene zinazoliwa na shira, vyote hupita juu ya chuma kile kile. Mimi si shehe na siwezi kuwapimia kiwango cha uangalifu, lakini habari za jikoni ndizo hizo.

Vilivyo mbali na bamba ni vichache, ila vinatosha kushiba. Mayai ya kuchemsha na maganda yake, au yaliyopikwa kwenye maji bila maganda, hayagusi bamba, japokuwa haya ya pili mpishi aliyezidiwa na kazi anaweza kuyakataa. Mkate wa kuchomwa hutoka kwenye mashine yake, nanyi mtaulizwa ni wa aina gani: mweupe, wa ngano nzima au wa rai ("rye", nafaka inayofanana na ngano). Uji wa oti hupikwa kwenye sufuria. Chaguo langu kwa mama lingekuwa wafo, lile andazi bapa lenye vishimo, kwa sababu huokwa ndani ya chuma chake chenye mfuniko ambacho kwa kawaida hakitumiki kwa kitu kingine chochote. Akitaka mayai ya kukaanga lazima, omba yapikwe kwa siagi kwenye kikaango safi cha pembeni. Ombeni kwa upole na kabla ya saa tatu, wakati jiko halijafurika, na mara nyingi mtakubaliwa. Mtaulizwa pia yapikwe vipi, swali ambalo halijibiwi kwa neno "kukaanga" peke yake. Mayai ya jicho, yasiyogeuzwa, huitwa "sunny side up". Yaliyogeuzwa na kiini bado kinatiririka ni "over easy". Yaliyogeuzwa na kuiva kabisa ni "over hard". Ya kuvuruga ni "scrambled". Watu wa rika la mama niliowahudumia, kama walitoka kwetu, walitaka kiini kilichoiva, na walioagiziwa na watoto wao "over easy" waliyarudisha.

Jihadharini na biskuti. Wiki yangu ya kwanza nchini Marekani niliagiza biskuti na mchuzi, nikishangaa moyoni ni watu gani wanaochovya biskuti kwenye mchuzi asubuhi, nikaletewa mikate miwili laini ya unga wa ngano iliyozama kwenye mchuzi mzito mweupe wa maziwa. Nilikuwa nimefika nusu ya sahani nilipouliza vile vipande vya kahawia ni nini. Ni soseji ya nguruwe, na mchuzi wenyewe huanzia kwenye mafuta yake. Mikate nayo jikoni kwingine hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Soseji ya bata mzinga ikiwepo, ulizeni ngozi yake ya nje imetokana na nini. Shira ya mezani, kwa upande mwingine, haina shida yoyote isipokuwa kwamba jina lake linatia chumvi: mara nyingi imetengenezwa kwa sukari ya mahindi iliyotiwa ladha, na ile halisi ya utomvu wa mti wa mepo ("maple") hutozwa fedha zaidi.

Mkimaliza, chukueni bili mwende nayo kwenye mashine ya fedha iliyo karibu na mlango, isipokuwa mhudumu amesema atawahudumia mezani. Bei za menyu hazina kodi ya mauzo, ambayo Nebraska ni asilimia 5.5 ya jimbo na nyongeza ya mji pale ilipo. Bakshishi ni juu ya hapo. Wekeni asilimia 20, yaani kwa bili ya dola 32 acheni dola 6 au 7, na kama mnaweza, iwe taslimu mezani. Najua wengi wetu huona hili ni kulipa mara mbili, na mimi mwenyewe nililalamika hadi nilipoona karatasi ya mshahara wa mwenzangu aliyehudumu meza. Sheria ya nchi inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991 na ambacho ndicho cha Nebraska pia, mradi bakshishi ifikishe jumla kwenye kima cha chini. Isipofika, mwajiri anatakiwa kufidia.

Na hapa pia kuna reli. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kampuni ya Pullman, iliyomiliki mabehewa ya kulala, iliajiri wanaume Weusi, wa mwanzo wengi wao wakiwa wametoka utumwani, kuwahudumia abiria. Ikawalipa kidogo kwa makusudi na kuwaachia abiria wajazie. Abiria waliwaita wote "George", jina la mwenye kampuni. Mwaka 1925 wahudumu hao waliunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, na baada ya miaka kumi na miwili ya mapambano, mwaka 1937, kampuni ikatia saini mkataba nao. Picha za wahudumu hawa mtaziona kwenye kuta za daina nyingi za treni, wametabasamu na makoti meupe, bila maelezo yoyote chini yake. Mweleze mama ni akina nani.

Baada ya chai, mwendo wa dakika tisini utawafikisha North Platte, na hapo msikose mambo mawili. La kwanza ni Bailey Yard ya Union Pacific, yadi kubwa kuliko zote duniani ya kupangia mabehewa, yenye urefu wa kilomita kama 13. Kuna mnara wa ghorofa nane, Golden Spike Tower, uliofunguliwa 2008, ambao kutoka juu yake mtayaona mabehewa yakisukumwa juu ya kilima kidogo, yakaachiliwa moja moja, yakateremka yenyewe na kuelekezwa kila moja kwenye njia yake. Yote ni ya mizigo. Treni za abiria ziliacha kusimama North Platte mwaka 1971.

La pili halionekani tena kwa macho, kwa sababu stesheni yenyewe ilibomolewa, lakini kama ni kifungua kinywa cha treni katika mji mdogo, hakuna kilichokishinda hiki. Desemba 1941, siku chache baada ya Marekani kuingia vitani, wenyeji walisikia kwamba treni yenye vijana wao wa Nebraska itapita, wakaenda stesheni na zawadi na vyakula. Treni ilipofika, walikuwa vijana wa Kansas. Baada ya kusitasita kidogo wakawapa wao. Binti mmoja wa mji, Rae Wilson, aliandika barua gazetini akapendekeza kila treni ya askari ipokewe hivyo, na kuanzia siku ya Krismasi ya 1941 hadi tarehe 1 Aprili 1946 wanawake wa North Platte na wa vijiji 125 hivi vya jirani walipokea treni mchana na usiku, kwa kujitolea, wakati sukari na nyama vilikuwa vya mgawo. Treni ilisimama dakika kumi au kumi na tano ili kichwa kitiwe maji. Katika muda huo askari walikimbia ndani wakapata kahawa, mayai ya kuchemsha, sandwichi, donati, na aliyekuwa na siku ya kuzaliwa akapewa keki nzima aondoke nayo. Walihudumiwa askari wapatao milioni sita. Mama aliyewahi kununua kuku dirishani kwenye stesheni ya Saranda, treni ikikaribia kuondoka, hatahitaji kuelezwa dakika kumi zina urefu gani.

Jambo moja la mwisho kwa ajili ya ratiba yenu. Njiani kati ya North Platte na Ogallala mtavuka mpaka wa majira, na saa itarudi nyuma kwa saa moja. Mipaka hiyo nayo ni kazi ya reli: hadi Novemba 1883 kila mji wa Marekani ulikuwa na saa yake kwa kufuata jua, na makampuni ya reli, yaliyochoshwa na ratiba zisizolingana, ndiyo yaliyoigawa nchi katika majira machache. Simu yako itajirekebisha yenyewe. Saa ya mkononi ya mama haitajirekebisha, kwa hiyo mrudishieni pale Ogallala mnapojaza mafuta, na muda mlioupoteza kwenye kile kijiwe cha wazee mtakuwa mmeupata wote.